Sarafu Hii Ilifuliwa Wapi?

Mwongozo wa kusoma fedha za kale kabla hujazisafisha wala kuziuza

Ukiishi au kufanya biashara Kariakoo, Kisutu au Posta, kuna siku sarafu ya kale itafika mkononi mwako. Itatoka kwenye sanduku la bibi, kwenye kidani kilichokatika, au kwa mgeni aliyeshuka basi la kutoka bara akiwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Winga atakutajia bei kabla hata hajaigeuza upande wa pili. Mwongozo huu unakusaidia kujibu swali ambalo wengi hawaliulizi: ilifuliwa katika kiwanda gani, mji gani, na ushahidi uko wapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mbili. Kwanza ni thamani. Rupia mbili zinazofanana kwa uso, mwaka na uzito zinaweza kutofautiana bei kwa herufi moja ndogo inayotaja kiwanda, na asiyeijua herufi hiyo huuza kwa bei ya chuma chakavu au hununua kwa bei ya ndoto. Pili ni historia yetu. Miji ya pwani hii ilifua sarafu zake yenyewe zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa fedha na kwa shaba, zenye majina ya watawala wake. Mengi tunayoyajua kuhusu watawala hao tumeyapata kwenye vipande vidogo hivyo. Kila kipande kinachosuguliwa au kuyeyushwa bila kusomwa ni ushahidi uliopotea moja kwa moja.

ONYO LA KWANZA: USISAFISHE

Usitumie limau, ukwaju, majivu, mchanga, dawa ya meno wala stili waya. Weusi ulio juu ya fedha na ukijani ulio juu ya shaba umekaa juu ya maandishi, na ukiusugua unaondoka pamoja na herufi unazozitafuta. Kama kuna udongo laini, loweka sarafu kwenye maji safi, kisha iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa cha pamba. Usifute. Sarafu ndogo nyembamba za fedha za karne za kale hata maji usiziguse nayo, kwani huvunjika kama ganda la yai. Ziache zilivyo, uzipeleke kwa mtaalamu.

Vifaa vinavyotosha

Kioo cha kukuzia, simu yenye kamera nzuri, tochi, rula yenye milimita, sumaku, uzi mwembamba, glasi ya maji na mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mizani ya namna hiyo wanayo masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi na mitaa ya jirani. Omba kupimiwa uzito tu, ulipie huduma hiyo. Mwambie sonara mapema kwamba hutaki ikwaruzwe kwenye jiwe, wala ikatwe kwa tupa, wala idondoshewe tindikali. Yeye kazi yake ni kujua kiasi cha madini. Wewe unatafuta maandishi.

Hatua kwa hatua

1. Andika ilikotoka. Fanya hivyo kabla ya jambo lolote lingine, tena siku hiyo hiyo. Nani aliyekuwa nayo, aliipata wapi, kijiji gani, ufukwe gani, ilikuwa peke yake au na nyingine, ilikuwa ndani ya chungu au kitambaa. Ukiambiwa “kusini huko”, uliza tena hadi upate jina la mahali. Nitaeleza mbele kwa nini kwa sarafu za kale kabisa hatua hii ina uzito kuliko zote.

2. Piga picha pande zote mbili. Laza sarafu juu ya karatasi nyeupe, zima taa ya juu, elekeza tochi kutoka ubavuni, karibu kabisa na usawa wa meza. Kivuli kitainua herufi ambazo jicho halizioni. Piga picha nne, tochi ikizunguka kila upande.

3. Pima kipenyo na uzito. Andika.

4. Jaribu sumaku. Fedha haishikwi. Ikishikwa, maliza hapo.

5. Jaribu maji, kama sarafu ni nene na imara. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala ukingo. Soma namba. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia halisi ya Mjerumani au ya India, ambayo ni fedha asilimia 91.7, ikiwa mpya ina gramu 11.66, majini mizani itasoma karibu 1.13, na jibu la kugawanya litakuwa karibu 10.3. Ukipata 9 kushuka chini, mkononi una shaba iliyopakwa au mchanganyiko mwingine. Sarafu iliyolika itapungua uzito, lakini jibu la kugawanya halibadiliki. Ndiyo maana napenda kipimo hiki kuliko mizani peke yake.

6. Sasa ndipo uisome. Tenganisha kwanza: ina herufi za Kilatini au za Kiarabu? Njia zinaachana hapa.

Zenye herufi za Kilatini

Hizi ndizo nyingi utakazokutana nazo mjini, na habari njema ni kwamba viwanda vyake vilitia alama. Shida ni kwamba alama ni ndogo, na wauzaji wengi hawajui pa kuitafuta.

Rupia za Mjerumani. Zilianza 1890 kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zikiwa na kichwa cha Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye ndege juu. Toleo la kampuni lilifuliwa Berlin na halina herufi ya kiwanda, kwa hiyo usiitafute. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ilitoa sarafu zake, rupia moja ikagawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64, na hapo herufi zikaingia: A ni Berlin, J ni Hamburg. Itafute upande wenye thamani na mwaka. Uzito na kiwango cha madini vililinganishwa na rupia ya India kwa makusudi, kwani wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuizoea.

Herufi T. Hii ni ya Tabora, na kwa maoni yangu hakuna alama ya kiwanda inayomhusu Mtanzania zaidi ya hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia meli kufika pwani, koloni lilikaukiwa sarafu. Karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda mwaka 1916. Zikatoka heller 5 na heller 20 za shaba ya njano na nyekundu, pamoja na rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliuteka mji na kazi ikakoma. Heller 20 za Tabora ni chapa za haraka: herufi hazilingani, picha imekaa upande, ukingo haujanyooka. Usidhani ubovu huo ni dalili ya bandia. Kwa Tabora, sarafu iliyonyooka na kung’aa kupita kiasi ndiyo ya kutilia shaka. Na ukioneshwa tembo wa dhahabu mtaani, tulia: nakala zake zimejaa kuliko zenyewe.

Rupia za India. Zilitumika hapa kabla ya Mjerumani na wakati wake. Viwanda vikuu ni Bombay na Calcutta. Angalia sehemu ya chini kabisa ya upande wenye maneno “ONE RUPEE”, kwenye mapambo ya maua. Kwa zama za Mfalme George V, kinukta kidogo ni Bombay. Pasipo kinukta ni Calcutta. Kwa watawala waliotangulia, Bombay mara nyingi ilitumia herufi B ndogo sana. Bila kioo cha kukuzia hutaiona.

Shilingi za Afrika Mashariki. Zilianza 1921, zikiwa na simba mbele ya milima. Nyingi zilifuliwa London na hazina alama.

KISANDUKU: HERUFI NA KIWANDA

A: Berlin
J: Hamburg
T: Tabora, 1916
H: kiwanda cha Heaton, Birmingham
KN: King’s Norton, Birmingham
I: Bombay, miaka ya Vita Kuu ya Pili
SA: Pretoria, Afrika Kusini, miaka hiyo hiyo

Zingatia: shilingi na senti 50 za kuanzia 1948 hazina fedha ndani yake hata chembe. Za kabla ya hapo, tangu 1921, zina robo tu.

Riale ya Maria Theresa. Sarafu kubwa, upana wa karibu sentimita 4, uzito karibu gramu 28, yenye mama mnene wa Austria na mwaka 1780. Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa kuamini mwaka. Malkia alifariki 1780, na tangu hapo sarafu hiyo imefuliwa upya na upya ikiwa na mwaka ule ule: Vienna, Venice, Milan, kisha katika karne ya 20 Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay. Herufi S.F. zilizo chini ya kifua ni za maofisa wa kiwanda cha Günzburg, lakini zilinakiliwa kila mahali, kwa hiyo hazithibitishi kitu. Wataalamu huhesabu lulu za bizimu iliyo begani na kuchunguza manyoya ya mkia wa tai. Wewe kazi yako ni picha safi ya bizimu na ya mkia, basi.

Zenye herufi za Kiarabu

Aliyepita madrasa ana mtaji hapa, ingawa itambidi azoee jambo moja: hati ya Kikufi ya sarafu za zamani haina nukta wala irabu. Ba, ta na nun zinafanana. Soma kwa kutambua neno zima, si herufi moja moja.

Anza na swali rahisi: sarafu inataja mji wake au haitaji?

Zinazotaja. Dirhamu za fedha za makhalifa, kuanzia mageuzi ya Abd al-Malik mwishoni mwa karne ya 7, zina upana wa sentimita 2.5 au zaidi kidogo na uzito usiozidi sana gramu 2.9. Katikati ya upande mmoja kuna shahada katika mistari mitatu. Kuizunguka kuna maandishi ya duara. Anza kwenye “Bismillahi”, fuata “duriba hadha al-dirham”, na neno linalofuata, lenye ba mbele yake, ndilo jina la mji. Wasit, Basra na Dimashq ni ya kawaida. “Madinat al-Salam” ni Baghdad. Baada ya mji huja mwaka, umeandikwa kwa maneno. Upande wa pili, ukikuta Suratul Ikhlas katikati, hiyo ni ya Banu Umayya, kabla ya mwaka 132 Hijria. Ukikuta “Muhammad rasul Allah”, ni ya Banu Abbas walioshika baada yao.

Pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Zanzibar nazo hujulikana upesi: upande mmoja kuna mizani, na mwaka 1299 au 1304 Hijria. Mwaka 1299 Barghash alitoa pia riale ya fedha, iliyofuliwa Brussels, na ni adimu mno. Kubadili mwaka wa Hijria kwa haraka, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mwaka 1299 utakupeleka 1882.

Zisizotaja. Hizi ndizo zetu wenyewe, na hizi ndizo zinazohitaji uangalifu kuliko zote zilizotangulia.

Shanga, katika visiwa vya Lamu, wachimbaji wakiongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980 walipata sarafu ndogo sana za fedha zenye majina ya Waislamu wa mahali hapo, za karne ya 9 na ya 10. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha hazina mji wala mwaka. Dinari ndizo zilizotoa tarehe: ni za makhalifa wa Kifatimi na wenzao wa nje, na ya mwisho ni ya 1066. Kwa kuwa zote zilifukiwa pamoja, fedha zile zikapata umri wake, karne ya 11. Miongoni mwa majina yake ni Ali bin al-Hasan, jina lile lile linalosomeka kwenye sarafu nyingi za shaba za Kilwa. Lau aliyezikuta angechukua dhahabu akazitupa zile ndogo nyeusi, au akauza moja moja mitaani, tusingejua lolote kati ya haya.

Kilwa yenyewe ilifua shaba kwa karne kadhaa. Kuzitambua kuna njia ambayo msomaji wa Kiswahili ataipenda: zina vina. Upande mmoja kuna jina la mtawala, upande wa pili sentensi ya kumtegemea Mungu, na mwisho wa sentensi unalingana kwa kina na mwisho wa jina. Kwa Ali bin al-Hasan, sifa ya Mungu upande wa pili inaishia “al-minan”. Kwa hiyo jina likiwa limefutika, soma upande wa pili utafute kina chake; sentensi itakuonesha mlango wa jina. Al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, naye ana sarafu zake kwa mtindo huo huo.

Sasa, tunajuaje kwamba zilifuliwa Kilwa iwapo haikuandikwa? Kwa mahali zinapopatikana. Zimejaa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Mafia, na hupungua kadiri unavyosogea mbali. Wingi ndio ushahidi. Sarafu moja haitoshi: mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kwenye kisiwa cha Marchinbar kaskazini mwa Australia, na hakuna anayesema zilifuliwa huko. Ndiyo sababu ya ile hatua ya kwanza. Sarafu ya Tabora ikipoteza historia yake bado ina T. Sarafu ya Mtambwe au ya Kilwa ikitolewa ardhini bila kuandikwa ilipotoka, imepoteza alama pekee ya kiwanda iliyokuwa nayo, na hakuna mtaalamu duniani atakayeirudisha.

ONYO LA PILI: SHERIA

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda kila kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Aliyekigundua anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka au makumbusho, na kukiuza au kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Sarafu za Kilwa, Mtambwe na dirhamu zimo ndani ya ulinzi huo. Rupia za Mjerumani, kwa kuwa zilianza 1890, ziko nje ya mpaka huo wa mwaka. Zanzibar ina sheria yake, kwa hiyo kilichotoka Unguja au Pemba kiulizie huko. Na usichimbe. Kuchimba kwenye magofu kwa kutafuta sarafu kunaharibu tabaka zinazotoa tarehe, hata kama hukupata kitu.

Makosa yanayorudiwa kila siku

Kuamini mwaka ulioandikwa bila kuuliza kiwanda. Riale ya 1780 imeshaeleza.

Kuamini hadithi za zebaki. Ukiambiwa rupia fulani ina zebaki ndani, au inavuta mchele, au kuna mnunuzi wa kigeni anayelipa mamilioni, ondoka. Rupia ni fedha na shaba kidogo. Haivuti mchele. Watu wamepoteza viwanja na akiba kwa uongo huo.

Kuchukulia kila Kiarabu kuwa ni cha kale. Pesa za shaba za kampuni ya Kijerumani za 1890 hadi 1892 nazo zina maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Geuza: ukiona tai wa Kijerumani, jibu umelipata.

Kupuuza tundu na alama ya kulehemu. Sarafu iliyowahi kuwa kidani hupungua bei kwa mkusanyaji, na uzito wake na jibu la maji pia hupotoka, maana lehemu ina madini mengine. Andika tundu lilipo.

Kutenganisha fungu. Zilizopatikana pamoja zibaki pamoja, hata zilizolika, hata vipande.

Pa kwenda

Panda mwendokasi hadi Kivukoni, kisha tembea hadi Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Botaniki. Makumbusho hayo yalifunguliwa 1940, na yana vitu vya Kilwa vya kukuzoesha jicho. Nenda kwanza kutazama tu, kabla hujapeleka chochote. Kwa swali gumu zaidi kuna Idara ya Mambo ya Kale, na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

ORODHA YA KUTOKA NAYO NYUMBANI

□ Jina la mahali ilipopatikana na la aliyeipata
□ Picha nne za kila upande, mwanga wa ubavuni
□ Kipenyo kwa milimita
□ Uzito, na jibu la maji kama sarafu ni nene
□ Herufi, kinukta au neno ulilolisoma, na liko upande gani
□ Usilolisoma: lichore kama unavyoliona, usilikamilishe kwa kukisia
□ Kila sarafu kwenye karatasi yake. Si plastiki laini, wala si gundi
□ Hakuna iliyooshwa kwa limau